Daftari la wiki: Mkongo visiwani

Mulungwishi, hapa Katanga, ni kwa Wamethodisti: chuo kikuu ni chao, na mabishano ya jioni pia ni yao. Anayeleta habari za Wakatoliki hapa lazima akubali kutaniwa. Haya, nitanieni, maana wiki nzima nimekuwa nikiwaza Komoro.

*

Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore ni eneo moja la Kanisa, Vikarieti ya Kitume ya Visiwa vya Komoro. Roma iliviweka pamoja chini ya msimamizi wa kitume tarehe 5 Juni 1975. Mwezi mmoja baadaye, 6 Julai, Komoro ikajitangazia uhuru, Maore ikabaki kwa Wafaransa. Mpaka ukapita katikati ya Kanisa. Tangu 1995 Mkomoro haruhusiwi kuingia Maore bila viza ya Ufaransa, hata kama anakwenda kusali na ndugu wa vikarieti ileile.

*

Ngazi ya vikarieti ilikuja 2010. Mwaka 2016 Papa Fransisko akamteua Mkongo kuwa askofu wa huko, Charles Mahuza Yava, wa shirika la Wasalvatoriani. Shirika hilo tunalijua upande wa Kolwezi. Katanga yenyewe ilikuwa vikarieti hadi 1959, na kwa miaka mingi mkubwa wake alikuwa Mbelgiji, Jean-Félix de Hemptinne. Wazee waliozoea kupokea wamisionari wangechekelea kusikia kwamba sasa tunawapeleka sisi.

*

Na anapelekwa kufanya nini? Karibu Wakomoro wote ni Waislamu, na sheria yao inakataza kuwahubiria dini nyingine. Wakristo wengi kule ni wageni. Kwa hiyo kazi ni Misa kwa wachache waliopo, kisha huduma ya Caritas kwa wagonjwa na maskini. Kwetu kanisa lisilo na kipaza sauti cha kuamsha mtaa saa kumi na moja alfajiri halihesabiwi kuwa kanisa. Mimi naona lile la Komoro lina mtihani mgumu zaidi: linajulikana kwa matendo tu.

*

Na wa kuhudumiwa hawakosekani: kimbunga Chido kilipiga Maore tarehe 14 Desemba 2024, kikafagia vibanda vya mabati vya maskini, wengi wao wahamiaji kutoka visiwa jirani.

*

Jumapili ya Misioni huwa ni ya pili kutoka mwisho wa Oktoba. Wakatoliki wa Likasi, kapu likipita, wakumbukeni wa visiwani. Nanyi Wamethodisti wa Mulungwishi, mkitia chochote, hakuna atakayewauliza kadi ya ubatizo.