Mathari haihami

"Huyu mpelekeni Mathari." Kauli hiyo, ya kumtuma mtu kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, hutolewa mlangoni mwa kitengo cha dharura kabla mgonjwa hajaguswa hata mkono. Kijana kafungwa kamba, anatukana, jasho linamtiririka, shati limechanika. Mamake kasimama pembeni na kadi ya kliniki mkononi. Hakuna anayemwomba kadi hiyo. Angeombwa, wangesoma: kisukari, anadungwa insulini.

Wengi wetu, tuliovaa makoti meupe na tusiovaa, tunaamini kwamba kichaa hana dharura. Imani hiyo huua. Sukari ikishuka mno, mpole hugeuka mpiganaji. Malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, pigo la kichwa, mlevi aliyeacha pombe ghafla akaanza kuona wadudu ukutani: wote hao huja na sura ileile tunayoiita wazimu. Tone moja la damu kidoleni hutosha kumbaini wa sukari. Kamba haipimi kitu.

Na kama kweli ni maradhi ya akili? Basi ni wa hapo vilevile. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hakikuongeza "isipokuwa mwendawazimu". Mathari ipo Nairobi tangu 1910. Wa Lodwar asafirishwe siku nzima na kamba zake ndipo apate dawa ya kumtuliza?

Wauguzi watanijibu: usiku tuko wawili, na huyu anarusha ngumi. Ni kweli, na hofu yao ni ya haki. Lakini hofu hutaka maandalizi. Chumba kisicho na kelele. Mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina. Dawa ya kutuliza iwe karibu, isiwe kabatini mwa mtu aliyeondoka na ufunguo. Jamaa waulizwe: yalianza lini, anatumia dawa gani? Ikibidi kumshika, ashikwe kwa muda mfupi, na mtu asiondoe macho kwenye pumzi zake.

Hayo hayangoji jengo jipya wala mfadhili. Yanangoja tuache kumtazama mgonjwa kama mzigo uliokosea anwani.

Kwa hiyo mama akifika, mpokeeni kadi kwanza, kisha mshikeni kijana kidole. Mathari haihami.