Rafiki wa Kazini Naye ni Rafiki

Wako wenzangu wa kidato cha tatu wanaoshikilia kwamba rafiki asiyejua kwenu si rafiki, ni mtu wa kukaa naye dawati tu hadi kengele ya saa kumi. Mimi nawapinga, na shahidi wangu ni kipindi cha vichekesho cha Marekani kiitwacho Abbott Elementary.

Kipindi hiki kilichoanza Desemba 2021 chahusu walimu wa shule ya msingi isiyo na pesa, mjini Philadelphia. Mwalimu kijana Janine (ni Quinta Brunson, ambaye ndiye aliyekibuni) anataka walimu wote wawe jamaa zake. Bi. Barbara Howard anamwona kama mama mzazi. Lakini Bi. Barbara akiwa shuleni ni kazi, akitoka ana mumewe na kanisa lake. Basi wenzangu wanasema ati mama huyo ana maringo!

Hebu tazameni sehemu ya kwanza kabisa. Mtoto amekojolea zulia la darasa la Janine. Zile dola 3,000 za shule, mwalimu mkuu Ava amezitumia kuweka kibao kipya chenye picha yake mwenyewe. Nani alimwokoa Janine? Ni Bi. Barbara pamoja na Melissa, ambaye hakosi "mtu wake" mahali. Mazulia yakaja. Na Tariq je, mpenzi wa Janine tangu utotoni, anayeijua nyumba yake hadi jikoni? Huyo alikuwa akila jasho lake tu.

Turudi kwetu. Shule yetu ni ya kutwa. Wengine wakitoka hapa huenda kuuza mboga na mama, wengine hulala chumba kimoja ndugu watano na hawataki wageni. Kwani hao wasiwe na marafiki? Jirani yangu wa dawati hajui mlango wa kwetu, wala mimi wa kwao. Lakini niliporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, alininakilia Kemia yote ya wiki hiyo, hata michoro, na hakuniuliza baba anafanya kazi gani.

Sisemi watu wasitembeleane. Jacob mwishowe alihamia kwa Melissa, tukacheka sana. Lakini alikaribishwa.

Kwa hivyo wanaopanga kuzunguka nyumba kwa nyumba likizo ya Agosti waulize kwanza. Anayenitaka mimi atanipata dawati la tatu, karibu na dirisha, kuanzia saa moja asubuhi.