Moshi wa mwezi wa nane



Siku hizi, kutoka Kabare mpaka Walungu, ukitazama milima jioni unaona moshi hapa, moshi pale. Mvua ya mwezi wa kenda imekaribia, kila mtu anasafisha shamba lake, na moto ni mfanyakazi asiyedai malipo.

Hatuandiki ili kumcheka mtu. Sisi wenyewe tumechoma miaka mingi. Mama mwenye mtoto mgongoni na jembe moja, akikuta mabua ya mahindi, magugu na miiba, nani atamlaumu akiwasha kiberiti? Tena msimu wa kwanza majivu yanalisha maharagi kweli. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Lakini wao walichoma, wakalima, kisha wakaacha shamba lipumzike miaka. Sisi tunarudi kwenye kipande kile kile mwezi wa kenda, na tena mwezi wa pili.

Ndani ya mabua na magugu mna azoti, chakula kile kile tunachonunua kwa bei kali katika mfuko wa ure. Ukichoma, sehemu yake kubwa inaondoka na moshi. Majivu yanayobaki, mvua kubwa ya kwanza inayateremsha bondeni, maana mashamba yetu yako kwenye mteremko.

Na moshi huo unapanda na gesi zinazopasha dunia joto. Gesi kaboniki ya mabua, wataalamu hawaihesabu sana, kwa sababu mahindi ya msimu ujao yataivuta tena. Zinazohesabiwa ni nyingine mbili. Kilo moja ya metani, katika miaka 100, inapasha joto karibu mara 28 kuliko kilo moja ya gesi kaboniki. Kilo moja ya protoksidi ya azoti, karibu mara 270. Halafu udongo ulioachwa uchi unapoteza kaboni yake pole pole. Ule weusi wa udongo tunaoupenda, kwa sehemu kubwa, ndiyo kaboni yenyewe.

Hatukubali kuambiwa kwamba mwanamke mwenye jembe ndiye aliyeharibu mvua. Nchi za viwanda zijibu kwanza. Tunaacha moto kwa ajili ya udongo wetu, na hewa inapata faida humo humo.

Mwaka jana tuligawa shamba la chama nusu kwa nusu. Upande mmoja tulichoma kama kawaida. Upande wa pili tulikata mabua vipande vipande, tukayalaza juu ya udongo kwa kufuata mstari wa kilima, tukaongeza majani ya Tithonia, ile yenye maua ya njano inayoota kando ya barabara. Tuliyalaza juu tu. Mabua makavu yakizikwa, yanapooza yanakula azoti ya udongo, na maharagi yanakuwa manjano. Mimea yenye ugonjwa tuliitoa nje.

Mavuno ya upande uliofunikwa hayakuwa maajabu. Panya walituchosha, mchwa pia. Lakini palilizi ilikuwa moja badala ya mbili, na mvua ilipokatika siku kadhaa, maharagi ya upande huo hayakunyauka. Mvua iliporudi kwa nguvu, udongo ulibaki juu. Mwenye kutumia ure asiimwage juu ya majani. Afukie kidogo kidogo karibu na shina, ama sivyo inapotea hewani.

Wengine wameuliza: mabua yakibaki shambani, tutapikia nini? Swali ni la haki. Jibu letu ni la nusu: yale manene ya chini chukua, majani na sehemu ya juu acha.

Shida kubwa zaidi ni nyingine. Kipande hicho tulikipata kwa bwasa, msimu kwa msimu. Mwenye shamba alipita, akashika udongo wa upande uliofunikwa, akaufikicha mkononi, akatabasamu. Juma lililofuata alituma mtu kusema bei imepanda, ama arudishiwe shamba lake. Kwa hiyo mama anayeulizia kwa nini alishe udongo ambao mwezi wa pili utakuwa wa mwingine hana uvivu, ana hesabu. Mwenye kuchoma hapotezi kitu akifukuzwa. Mwenye kufunika anapoteza kazi yake yote.

Kamati imeamua kumwomba mkataba wa miaka 3, wenye bei moja, ulioandikwa na kusainiwa mbele ya mkubwa wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili. Akikataa, tutatafuta kipande kingine, hata kikiwa kidogo. Tunakwenda kwake Jumamosi baada ya soko. Mama yeyote aliyekwisha kupata karatasi ya namna hiyo kwa shamba lake atuletee tuione kabla ya Ijumaa, tujue ilivyoandikwa. Na upande wa pili wa shamba, ule wa mabua, tafazali mtu asiuchome.