Nani ameangalia status yako?

KIBARAZANI
Na Rehema Kilindo

Jumatatu ya Oktoba 4, 2021, ikikaribia saa moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa mpigo dunia nzima, zikakaa hivyo kama saa sita. Watu walizima simu wakawasha, wakachomoa laini wakairudisha, wengine wakanunua bando jipya wakidhani la kwanza limekata. Mitandao iliporudi usiku wa manane vikasambaa vichekesho vya akina baba waliodai kwamba jioni hiyo wamekutana na watu fulani sebuleni, wakaambiwa ndio familia yao, na wanaonekana watu wazuri tu.

Tulicheka, tukarudi palepale. Lakini kichekesho kile kilibeba swali ambalo wasomi wanalihangaikia kwa miaka: mtu akikaa bila mitandao, moyo wake unatulia?

Wapo waliojaribu kulipima. Katika majira ya uchaguzi wa Bunge la Marekani wa mwaka 2018, wachumi Hunt Allcott, Luca Braghieri, Sarah Eichmeyer na Matthew Gentzkow waliwalipa watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Walioifunga walijikuta na takriban saa moja ya ziada kila siku. Sehemu ya saa hiyo ilimezwa na televisheni, sehemu wakakaa na ndugu na marafiki. Walisema wamekuwa na furaha zaidi, ila kwa kiasi kidogo, na siasa ziliwachemsha damu kidogo kuliko zamani. Hasara ilikuwepo pia: walijua habari chache za nchi yao kuliko wenzao walioendelea. Wiki nne zilipokwisha wengi walirudi, lakini hawakurudi kwa pupa ya mwanzo.

Utafiti huo ndio unaopendwa kutajwa na wanaotuhubiria tufute mitandao yote tukapande miti. Mimi nauheshimu, ila nauliza umefanyika kwa nani. Mmarekani akifunga Facebook amefunga dirisha moja katika nyumba yenye madirisha mengi. Mtu wa Temeke akifunga WhatsApp amejitoa kwenye ukoo. Taarifa ya msiba iko humo, kikao cha kikoba kimo humo, mwalimu anayesema kesho watoto waje na rimu ya karatasi yumo humo, fundi bomba naye yumo humo. Na kwetu kupitwa na msiba si jambo dogo. Utaulizwa mpaka arobaini ipite.

Tena sisi tumeshaonja kufungiwa kwa lazima. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini Tanzania, ikaanza kurejea Novemba 3. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema siku zile zilimpumzisha. Ndugu walioko Muscat na London, waliozoea kumwona mama kwenye video kila Ijumaa, walikaa wakitazama ujumbe wao umeganda kwenye tiki moja. Waliokuwa hapa hapa nao hawakujua la mtaa wa pili. Roho zilitulia siku ujumbe wa kwanza ulipopita, wa maneno mawili tu: tupo wazima.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema simu ndiyo inayotuibia furaha. Simu hiyohiyo inafanya kazi mbili zisizofanana kabisa, nasi tunaziita kwa jina moja la kuwa mtandaoni. Kuna kuongea, na kuna kuchungulia.

Kuongea ni kama lile kundi la familia ambalo kila alfajiri shangazi anatupia picha ya ua jekundu lenye umande na maandishi ya asubuhi njema. Vijana wanamcheka. Lakini siku ua lisipoonekana hadi saa nne, mtu wa Mwanza anamuuliza mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga anapanda bodaboda kwenda kugonga mlango. Michango ya matibabu inapita njia hiyo, na ugomvi wa mirathi pia. Si raha tupu, lakini humo kila mmoja anajua yuko na watu.

Kuchungulia ni ile dakika baada ya chakula cha usiku ambapo hakuna unayemwandikia wala anayekuandikia. Kidole gumba kinapandisha tu. Mtiririko hauna mwisho, na haukuumbwa hivyo na Mungu: Aza Raskin aliubuni mwaka 2006, na baadaye akasema hadharani anaujutia. Dakika inakuwa saa, bando linateketea, na unalala ukiwa na uchovu usiojua umeutoa wapi.

Mwaka 2015 Philippe Verduyn, Ethan Kross na wenzao walichapisha utafiti ambamo waliwagawa wanafunzi katika makundi mawili: hawa waitumie Facebook kwa kuandika na kujibu, wale watazame tu. Waliotazama tu walimaliza siku wakiwa na hali mbaya zaidi ya moyo, na walipowafuatilia watu katika maisha ya kila siku, kiungo kilichoonekana katikati kilikuwa wivu.

Ni haki niseme pia kwamba si kila aliyepima baada yao aliyaona hayo. Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000, wakaandika mwaka 2019 kwamba teknolojia ya kidijitali inaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Uhusiano huo, wakasema, unakaribiana na ule wa kula viazi mara kwa mara. Ingekuwa viazi vinaua furaha, sisi taifa la chipsi mayai tungekuwa tumeshazikwa. Mwaka 2020 Ine Beyens na wenzake huko Uholanzi waliwafuatilia vijana 63 kwa wiki moja, wakiwauliza mara kadhaa kwa siku. Baada ya kutazama tu, asilimia 46 walijisikia vizuri zaidi, asilimia 44 walibaki walivyokuwa, asilimia 10 walijisikia vibaya.

Ukichukua wastani wa hapo utasema hakuna tatizo. Lakini wastani haulali kitandani ukikodolea dari. Anayelala hivyo ni yule mmoja kati ya kumi, na inawezekana kabisa ndiye anayesoma safu hii.

Kwetu maumivu hayo yana makazi maalumu, nayo ni status. WhatsApp ilileta status za picha na video mwaka 2017, zinazofutika baada ya saa 24. Tofauti na Instagram, ambako tunatazama mastaa, status inatuonyesha watu waliohifadhiwa kwenye simu zetu: jirani, shemeji, mfanyakazi mwenzetu, na hasa wale wa kundi la tuliomaliza kidato cha nne pamoja. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika tangu mwaka 1954 kwamba mtu hujipima kwa wanaofanana naye. Ndiyo maana Diamond Platnumz akitupia gari la kifahari tunasema hongera baba, tunaendelea na ugali wetu. Anayetunyima usingizi ni yule tuliyekaa naye dawati moja, aliyekuwa akinakili hesabu zetu, ambaye leo ameweka picha ya nyumba imefika linta. Wiki chache baadaye imepauliwa. Wewe una kiwanja Chanika, nacho kina mgogoro.

Wazee walisema usione vyaelea, vimeundwa. Status inakuletea chombo kikiwa tayari majini. Seremala, misumari na deni la mbao havipigwi picha. Hata mwenye nyumba ile hatakuambia kwamba mabati ameyachukua kwa mkopo na mkewe hawasemeshani tangu Juni.

Na deni lipo sana. Nimeona sherehe za sendofu zilizopangwa kuanzia kwenye kamera: ukumbi umechaguliwa kwa taa zake, magauni ya kubadilisha, keki ya ghorofa, halafu pengo la bajeti likazibwa na mkopo wa kausha damu au wa programu ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni. Malalamiko yaliyokuwa yamezagaa ni kwamba mdaiwa akichelewa, ujumbe wa kumdhalilisha hutumwa kwa watu waliomo kwenye simu yake. Yaani walewale walioangalia sherehe ndio wanaosomewa deni.

Mwenye picha naye hana raha, msidhani. Anafungua orodha ya walioiona. Wifi ameona saa mbili na dakika kumi, hajasema kitu. Bosi ameona. Yule wa zamani ameona, tena wa kwanza. Kwa nini wifi hajasema hongera? Labda yuko jikoni, labda mtoto anaumwa. Hapana, ana kinyongo. Hivyo ndivyo hukumu inavyotoka bila mshtakiwa kusikilizwa, na Jumapili mkikutana ukweni salamu inakuwa baridi bila mtu kujua kosa lake. Tiki za bluu zilipokuja mwishoni mwa 2014 tuliona zinagombanisha wachumba. Orodha ya status imehamishia ugomvi ule kwa ukoo mzima.

Kwa wasichana jambo ni zito zaidi. Nyaraka za ndani za Facebook alizozitoa mfanyakazi wake wa zamani, Frances Haugen, mwaka 2021 zilionyesha kampuni yenyewe ilikuwa na taarifa kwamba Instagram inawazidishia wasichana wengi uchungu kuhusu miili yao. Hapa kwetu ongezeni filta zinazoanza kazi kwa kung'arisha ngozi, katika mitaa ambayo mkorogo unauzwa kwenye vichupa visivyo na jina. Australia imechagua kuwafungia mitandao walio chini ya miaka 16 tangu Desemba 10, 2025. Sitarajii sheria kama ile itusaidie sana, kwa kuwa mtoto wa Kitanzania anaanza mitandao kwa simu ya mama, akaunti ya mama, na mara nyingi mama ndiye aliyempa ili anyamaze.

Na kama kuna anayedhani kutazama hakumuumizi mtu, aangalie Nairobi. Huko vijana waliajiriwa kutazama na kuondoa video mbaya za Facebook ili sisi tusizione. Desemba 2024 ilielezwa, katika kesi waliyoifungua mahakamani, kwamba zaidi ya 140 kati yao wamegunduliwa na daktari kuwa na kiwewe kikali. Wao walitazama mauaji, sisi tunatazama mabati, sifananishi. Ila hawakupigwa wala kutukanwa na mtu. Kazi yao ilikuwa kutazama.

Sasa nisikuache hewani. Usifute WhatsApp, utaleta taabu kwako na kwa wanaokutafuta. Badala yake fungua ukurasa wa status usiku wa leo, na kila jina linalokubana kifua linyamazishe. Bonyeza jina kwa muda, chagua kunyamazisha, basi. Mwenyewe hataarifiwi, undugu hauvunjiki, na mkikutana msibani mtasalimiana vizuri kuliko zamani kwa sababu hutakuwa umekuja na faili lake kichwani.

Kama kuna jambo jema limekugusa, usipite kimya kama askari wa doria. Mwandikie mwenzako, au mpigie: hongera kwa kupaua, mabati umenunua wapi, fundi alikutoza ngapi? Nakuhakikishia atakueleza na machungu yote ya ujenzi, mpaka ya fundi aliyekimbia na malipo ya awali. Utakata simu ukiwa na bei ya mabati na huna wivu.

Wakuu wa kazi, makundi ya ofisi yafungwe jioni. Agizo linaloingia saa nne usiku halifanyiwi kazi saa nne usiku, linaharibu tu chakula cha watu.

Na ninyi wenyeviti na waweka hazina wa kamati za harusi, hili nawaomba kwa heshima zote. Ile orodha mnayoibandika kundini kila asubuhi, jina kwa jina, huyu katoa laki mbili, huyu katoa elfu ishirini, huyu bado, iacheni. Mtu ambaye biashara imemlalia anaisoma mbele ya ndugu wote, watoto wa dada zake wakiona, kisha mnashangaa amejitoa kundini kimyakimya na hamumwoni tena. Andikeni jumla tu, na aliyebaki mkumbusheni yeye peke yake, kwenye simu yake, kwa sauti ya kibinadamu.

Kama wiki hii kamati yako inaanza vikao, lipeleke pendekezo hilo kwenye kikao cha kwanza.