Feni zimezimwa, watu wako chini

KUTOKA MISUGUSUGU
Na Mzee wa Misugusugu

Mwenye jengo anayefunga feni kwenye maegesho ya chini ya ardhi, kisha akaamuru zizimwe ili bili ya umeme ishuke, huyo habani matumizi. Anawabana watu pumzi. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili asije mtu kunipigia simu Jumapili kuniuliza nilikuwa na maana gani.

Jumanne nilikwenda mjini na Mjomba wa Visiga. Wasomaji wa siku nyingi mnamjua Mjomba, na pikapu yake mnaijua, ile ambayo masega yake ya kusafisha moshi kwenye ekzosi yaliuzwa zamani na mwenye gari wa kwanza na ambayo moshi wake ulishawahi kutuchukulia safu nzima. Tulikuwa na shughuli katika jengo moja refu katikati ya Dar es Salaam. Jina silitaji, wenyewe watajijua.

Tukashuka paking ya chini, ngazi ya pili kutoka usawa wa barabara. Ukifika kule joto linakupokea kabla ya mlinzi. Magari yanazunguka kutafuta nafasi, na pembeni kuna moja limeegeshwa injini ikinguruma, dereva amelala na kiyoyozi akimsubiri bosi wake. Chini kabisa ya mteremko wa kutokea, pale magari yanapopanga foleni kulipia, kuna kibanda cha kioo. Ndani yake amekaa dada wa tiketi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Humu mnapumuaje?"

"Tumeshazoea, baba."

Mezani, kando ya mashine ya risiti, kulikuwa na pakti ya panadol imebaki na vidonge viwili. Nikamwuliza ni za nani. Akasema ni zake, kichwa kinamuuma kila siku ikifika saa tisa alasiri, na wakati mwingine kichefuchefu kinamshika. Amepima malaria, hana. Akifika nyumbani Gongo la Mboto akakaa barazani, kinaacha chenyewe. Siku ya mapumziko hakimuumi hata kidogo.

Nikainua macho. Ukutani zipo feni mbili kubwa, mdomo wa kila moja unaingia mtu mzima aliyeinama, na vumbi limeganda kwenye wavu mpaka limekuwa kama blanketi. Kwenye nguzo ya jirani kuna kidude cheupe, ukubwa wa kiganja. Hicho ni kihisi, kazi yake kupima hewa chafu na kuiamuru feni izunguke. Kimevalishwa nailoni ya mafundi rangi, tena imefungwa kwa selotepu, na matone ya rangi yamekaukia juu yake. Jengo limefunguliwa na wapangaji wamejaa, lakini kihisi hakijawahi kuvuta hewa hata siku moja.

Mlinzi, kijana mstaarabu, akanionyesha paneli ya umeme. Swichi ina nafasi tatu: ya kuwasha kwa mkono, ya kuzima, na ya kujiendesha yenyewe. Ilikuwa kwenye kuzima, na juu yake kimebandikwa kikaratasi: USIGUSE. "Tunawasha wakija wakaguzi, mzee. Meneja anasema zinakula umeme."

Nimeandika mengi kwenye safu hii kwa hasira, lakini hasira ya kikaratasi kile sijaipata muda mrefu.

Kwa sababu tusidanganyane, sumu hii Watanzania tunaifahamu. Kila mama wa Pwani anajua kwamba jiko la mkaa halilazwi ndani ya chumba kilichofungwa. Tumewazika watu kwa kosa hilo. Gesi inayoua pale inaitwa kaboni monoksaidi, na ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye ekzosi ya gari. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mwilini inang'ang'ania chembe za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza, kwa hiyo damu inazunguka bila kubeba kitu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anasikia kichefuchefu, anasinzia. Anakwenda kupima malaria.

Na gari baya kuliko yote ni lile linalowashwa injini ikiwa baridi, maana masega hayajapata moto wa kufanya kazi yake. Sasa fikiria saa kumi na moja jioni, jengo zima linatoka kazini, magari yote yanawashwa kwa pamoja yakiwa baridi, yote yanaelekea mteremko mmoja, yote yanasimama mbele ya kibanda kimoja.

Shirika la Afya Duniani lina viwango vyake. Mtu anayekaa kwenye gesi hiyo dakika 15 asivute zaidi ya miligramu 100 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Anayekaa saa 8, wastani wake usizidi 10. Mtu wa dakika 15 ni mimi na Mjomba, tuliokuja na kuondoka. Mtu wa saa 8 ni yule dada. Hewa ninayoweza kuivumilia mimi nikipita, yeye inamdhuru, na ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika jengo lile.

Mtaniambia Misugusugu nako kuna moshi. Upo, na mimi nimezeekea ndani yake. Malori yanayotoka bandarini kwenda bara yanapita hapa usiku na mchana, na pale kituo cha ukaguzi yamekuwa yakijipanga injini zikiwa hai tangu siku nyingi. Nguo zetu kwenye kamba zinaingia weusi. Lakini sisi tuna upepo. Upepo wa hapa unatoka baharini, unapita juu ya mikorosho, unachukua moshi na kuondoka nao. Ukichimba shimo, ukalifunika kwa zege na ukajaza magari ndani, umemnyima mtu upepo huo kwa mkono wako, na feni ndiyo fidia yake. Ile si pangaboi ya kupepea wageni sebuleni.

Jambo hili wala si geni. Wamarekani walipofungua handaki la Holland chini ya mto Hudson mwaka 1927, lilikuwa tayari na feni 84, kwa sababu walijua magari yangewaua watu mle ndani. Uingereza mwongozo wa ujenzi unataka hewa ya paking iliyofungwa ibadilishwe mara 6 kila saa, na mara 10 pale magari yanapopanga foleni kutoka. Pale pale penye kibanda.

Sasa nije kwenye bili, maana ndiko wanakojificha. Ni kweli feni kubwa ikizunguka kwa nguvu zote mchana kutwa inakula umeme. Ndiyo maana kihisi kilinunuliwa! Saa nne asubuhi magari yametulia, feni inakwenda polepole. Jioni hewa inachafuka, feni inaongeza mwendo yenyewe. Na hesabu ya feni ni ya ajabu: ukipunguza mwendo wake ukawa nusu, umeme unaotumika haushuki kwa nusu tu, unashuka hadi karibu moja ya nane. Kwa hiyo meneja yule angevua tu ile nailoni, akageuza swichi kwenye nafasi ya kujiendesha, akaweka kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota, angepata hewa safi na bili ya kuvumilika kwa pamoja. Umeme nao si ule wa mgao. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mkoani kwetu, lina uwezo wa megawati 2,115. Hatukulijenga ili watu wapumue moshi.

Moto ukitokea je? Katika majengo mengi feni hizo hizo ndizo zinazotegemewa kuvuta moshi ili watu waione njia na askari wa Zimamoto waweze kuingia. Moto hautamsubiri meneja arudi chakula cha mchana aje aigeuze swichi iliyobandikwa USIGUSE.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, na OSHA wanaoisimamia wapo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo. Ombi langu kwao ni moja: msipige simu kabla. Njooni saa kumi na moja jioni, siku ya kazi, mkiwa na kipimo mkononi, mteremke kwa miguu hadi kwenye kibanda. Mwulizeni dada wa tiketi kichwa kinamuuma saa ngapi. Kisha ile swichi itiwe kwenye boksi lenye kufuli, iachwe ijiendeshe, na ufunguo usikae kwa anayelipa bili. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, nchi nzima ilianza kuuliza yanayofanyika chini ya majengo yetu. Kuuliza baada ya mazishi ni kuchelewa.

Na kwenu wa halmashauri zetu za Kibaha na Kisarawe, ghorofa zinakuja huku, na ramani zenye paking za chini zitaletwa mezani kwenu mzigongee muhuri. Msiishie kutazama kama feni imechorwa. Ulizeni itaendeshwa na nani. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini huku mchuma janga yuko ghorofa ya kumi na kiyoyozi, wanaokula ni wa chini peke yao. Mwambieni mapema: asiyetaka kulipa bili ya feni, asichimbe. Aache magari yalale juani.