Kufuli Pekee Halitoshi

Uganda haina bahari, lakini usalama wa bandari ya Mombasa unatuhusu hata sisi wa Kyebando. Tangu mwaka 2017, Kenya, Uganda na Rwanda hufuatilia kwa pamoja shehena zilizofungwa kwa makufuli ya kielektroniki: kufuli likivunjwa au lori likiacha njia, ishara hufika vituo vya forodha. Hata hivyo, kufuli hulinda kilichomo, hata kikiwa haramu. Januari 2019, mashine ya mionzi nchini Uganda ilifichua pembe za ndovu ndani ya magogo. Mashine iliona, watu ndio waliofungua. Basi na tudai jambo moja: kila mwaka wananchi tuelezwe ni ishara ngapi zilipokewa na ngapi zilishughulikiwa. Mlinzi asiyeulizwa husinzia.