FRIJI LA MOTO NA FEDHA YA USHIRIKA



Imetolewa hoja kwamba ushirika wetu ununue friji linalotumia mafuta ya taa, ili wavuvi wagandishe samaki na pweza kabla ya kuwapeleka Kilindoni. Wako wanaouliza: jamani, moto utaletaje baridi? Swali hilo ni la haki, na lijibiwe.

Maji ya mtungi hupoa kwa sababu mtungi hutoka jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Friji hilo nalo ni vivyo hivyo. Ndani ya mabomba yaliyozibwa kabisa mna maji, amonia na hewa ya haidrojeni. Moto wa utambi huchemsha yale maji yenye amonia. Amonia hutoka kama mvuke, hupanda juu, hupoa kwenye bomba la nyuma ikawa majimaji. Kisha huteremka kwenye friji, hukauka tena, na katika kukauka hunyonya joto la vilivyomo. Halafu maji huinywa ile amonia, na safari huanza upya. Hakuna injini wala pampu. Waliolibuni ni vijana wawili wa Swideni, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Zahanati nyingi za nchi yetu zisizokuwa na umeme zilitunza chanjo kwa friji za namna hii, kati ya digrii 2 na 8.

Basi ni chombo cha kweli. Lakini sisi tunasema lisinunuliwe kwa kazi ya samaki. Kwanza, baridi yake huja polepole. Hutunza kilichokwisha poa, haliwezi kugandisha matenga ya samaki waliotoka juani. Pili, joto jingi la utambi hupotea hewani, na mafuta ni fedha. Tatu, lazima lisimame sawasawa bila kuinama, nyuma yake papite hewa, na utambi usafishwe kila mara. Hebu, nani atakesha nalo?

Maoni yetu ni haya: fedha inunue makasha mazito ya kutunzia barafu, barafu inunuliwe kwa pamoja, na samaki wanaobaki wapasuliwe wawe ng'onda. Hata hivyo uamuzi ni wa mkutano mkuu, si wa Katibu peke yake. Anayepinga aje aseme hadharani, maana fedha ni ya wote.

Katibu